MACHO YATAZAME, MIKONO ITULIE
Adabu ya mgeni mbele ya michoro ya kale ya miambani



Ziara za mafunzo zimekuwa jambo la kawaida katika vikundi vyetu vya Meru, Tharaka, Embu na Mbeere. Kikundi kinachanga pesa, kinakodisha matatu au basi la shule, kinakwenda kuona mbuzi wa maziwa wa wenzetu, au mizinga ya kisasa, au namna wanavyovuna maji ya mvua. Hilo ni jambo jema. Mara nyingi wenyeji hupenda pia kutuonyesha kitu cha kale cha kwao kabla hatujarudi: kilima, pango, au mwamba wenye michoro. Hapo ndipo taabu huanza. Mwongozaji hajamaliza kusalimu, tayari mkono wa mtu umefika ukutani. Mmoja anapapasa, wa pili anafuata, wa tatu anaegemea mwamba apigwe picha.

Watu hawa si wabaya. Mkono wa mkulima umezoea kujua kitu kwa kukigusa. Tunashika mahindi tujue kama yamekauka, tunashika udongo tujue kama una unyevu, tunashika kitambaa sokoni kabla hata ya kuuliza bei. Lakini mchoro wa kale hauna habari yoyote ya kuupa mkono. Mkono ukifika pale unachukua tu, na kile ulichochukua hakirudi.

MICHORO HII IKO WAPI?

Hapa Kenya mahali panapojulikana sana ni Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Ni mwamba mkubwa ulioinama mbele kama paa la nyumba, na ukuta wake umejaa michoro. Wataalamu wanaona mikono ya nyakati tofauti pale: kuna maumbo ya miviringo ya wawindaji wa kale, na kuna ng'ombe waliochorwa na watu wa mifugo waliokuja baadaye. Mwaka 2004 Kakapel ilitangazwa kuwa mahali pa urithi wa taifa.

Kisiwa cha Mfangano, ndani ya Ziwa Victoria, nacho kina michoro myekundu na myeupe pale Mawanga na Kwitone. Uganda wako na Nyero, katika wilaya ya Kumi. Tanzania wako na michoro mingi ya Kolo, Kondoa, ambayo mama mtafiti Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Tangu mwaka 1996 kuna pia shirika lenye makao Nairobi linaloshughulikia michoro ya aina hii Afrika nzima.

Nani waliichora? Miviringo ile mingi husemwa kuwa ni kazi ya wawindaji wa zamani ambao wataalamu huwaita Watwa. Sisi huku hatushangai sana, kwa maana wazee wetu husimulia habari za Agumba, watu wafupi wa msituni waliotutangulia katika nchi hii. Waliondoka bila kuacha kitabu. Mahali walipochora ndipo tunapoweza bado kuona kazi ya mikono yao.

Na si ukuta peke yake wenye habari. Chini ya mwamba wa Kakapel watafiti walichimba polepole, tabaka kwa tabaka, na mwaka 2024 walitangaza kwamba wamepata humo kunde iliyoungua moto yapata miaka 2,300 iliyopita. Kunde hii hii tunayopanda Mbeere na Tharaka! Hebu fikiria kama mgeni mmoja angelichimba pale shimo la kuwashia moto wa chai. Angeichanganya ile habari yote na majivu yake.

KIDOLE KIMOJA KINA UBAYA GANI?

Hili ndilo swali linaloulizwa kila mara. Tuseme mama mmoja wa kikundi amezuiwa, naye anamwuliza mwongozaji: "Lakini kijana wangu, kwani nikigusa kidogo tu kutakuwa na nini?" Kijana anamjibu kwa heshima: "Mama, hata waliokuja jana waligusa kidogo tu."

Jibu la kijana ni sahihi, na tufafanue sababu zake.

Rangi nyekundu ya michoro hii hutokana na udongo wenye madini ya chuma, uliosagwa ukawa laini. Nyeupe mara nyingi ni udongo mweupe. Haikupakwa vanishi juu. Imeshikilia jiwe kwa utando mwembamba sana, na imekaa pale miaka mingi kwa sababu jiwe limeinama, mvua haifiki, na hakuna mtu anayeisugua. Sasa kidole kinapofika:

Kwanza, kinasugua. Chembe ndogo sana za rangi zinatoka. Macho hayazioni, lakini zimetoka.

Pili, kinaacha mafuta. Ngozi ya binadamu ina mafuta hata ukinawa. Mafuta yale yanashika vumbi na moshi, na mahali palipoguswa sana panakuwa peusi na kung'aa, kama ukingo wa mlango wa jikoni.

Tatu, kinaacha jasho, na jasho lina chumvi. Chumvi na unyevu vikiingia katika jiwe vinalegeza ngozi ya juu ya mwamba, ile ile iliyobeba rangi. Siku moja kipande kinabanduka chenyewe.

Nne, uchafu wa mikono yetu unachafua ushahidi. Mtaalamu akitaka kupima rangi ile ajue ilitengenezwa kwa nini, atakuta mafuta ya watalii juu yake.

Tazama mpini wa jembe lako. Ulipoununua ulikuwa mkwaruzo, leo ni laini na umepungua pale unaposhika, na ni mikono ya watu wawili watatu tu wa nyumbani. Au tuchukue mfano wa mbali. Kule Roma, ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, kuna sanamu ya Mtakatifu Petro iliyotengenezwa kwa shaba nyeusi. Mahujaji kwa karne nyingi wamegusa na kubusu mguu wake wa kulia. Hakuna aliyekuja na nyundo. Lakini mguu ule umelika, vidole vyake karibu havionekani. Ikiwa mapenzi ya watu yamekula shaba, yatafanya nini kwa udongo uliopakwa juu ya jiwe?

Wacha tupige hesabu ya mweka hazina. Tuseme mahali fulani hupokea mabasi mawili kwa wiki, kila basi watu 30. Hao ni watu 60 kwa wiki, na kwa mwaka ni 3,120. Kila mtu akigusa mara moja tu, ng'ombe yule aliyechorwa ameguswa mara 3,120. Kwa miaka kumi ni zaidi ya mara 31,000. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Basi haba na haba hukimaliza kibaba pia.

Kuna mahali ambapo hata kupumua kulidhuru. Huko Ufaransa kuna pango la Lascaux lenye michoro ya wanyama, ambalo vijana waliligundua mwaka 1940. Lilifunguliwa kwa watu mwaka 1948, wakaja wengi sana, hadi kama 1,200 kwa siku. Pumzi zao, joto lao na taa viliharibu hewa ya ndani, mimea midogo ya kijani ikaanza kuota juu ya kuta. Mwaka 1963 serikali ililifunga. Mwaka 1983 wakawafungulia wageni pango la kuigiza lililojengwa karibu na hapo. Miamba yetu mingi iko wazi, upepo unapita, kwa hiyo pumzi si hatari kubwa kama kule ndani. Lakini tujifunze hapo kwamba mahali palipokaa salama miaka elfu nyingi pangeweza kuharibika katika miaka 15, na waliopaharibu ni watu waliopapenda.

MAJI, SODA, CHAKI NA MOSHI

Kugusa si kwa vidole tu. Kuna watu ambao, wakiona mchoro umefifia, humwaga maji juu yake ili ung'ae kwenye picha. Sehemu nyingine za Afrika watu wamemwaga hata soda. Mchoro unang'aa kwa dakika chache kweli, halafu maji yanapokauka huvuta chumvi kutoka ndani ya jiwe na kuacha ukungu mweupe juu ya rangi. Mwaka unaofuata mchoro umefifia zaidi, na mgeni mwingine anamwaga maji mengi zaidi.

Wengine hupitisha chaki au mkaa kwenye mistari ili ionekane. Hapo umechora wewe, na hakuna atakayejua tena mstari wa kale ulipita wapi. Kama ni michoro iliyochongwa katika jiwe, wengine huikwaruza kwa jiwe lingine ili iwe nyeupe. Ubaya ni ule ule.

Moto chini ya mwamba hupaka masizi juu ya ukuta wote. Kukimbia na kucheza ngoma pale mbele hutimua vumbi, na vumbi hukaa juu ya rangi. Mifugo nayo hujisugua ukutani, kwa hiyo mwenye ng'ombe asiwafiche mvua pale.

Na kuna jambo baya kuliko yote, la kuandika jina. Kakapel iliteseka sana kwa hilo. Watu walipita pale wakaandika majina yao juu ya michoro, na ikabidi wataalamu waletwe kuyaondoa polepole sana. Fikiria gharama hiyo, eti kwa sababu mtu fulani alitaka ijulikane kwamba alifika.

USAFI UNAOHARIBU

Hapa nataka vikundi vinisikilize vizuri, maana sisi ni watu wa kazi na tunapenda siku za usafi. Mwaka 1992, huko Ufaransa tena, vijana wa chama cha skauti walijitolea kusafisha maandishi ya ovyo katika pango la Mayrières, karibu na kijiji cha Bruniquel. Walikuwa na nia njema na brashi ngumu. Walisugua wee, na kumbe walikuwa wakisugua pia michoro ya nyati iliyokuwa imekaa pale maelfu ya miaka. Sehemu yake iliharibika.

Kwa hiyo ukiona jina limeandikwa juu ya mwamba wenye michoro, usichukue brashi ya waya, wala mafuta ya taa, wala sabuni. Mwambie mwongozaji au ofisi ya Makumbusho. Okota makaratasi na chupa zilizo njiani. Ukuta waachie wenye ujuzi.

MAHALI HAPO PANA WENYEWE

Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa heshima ya mahali. Mtu hajiendei tu Nchiru, kwenye nyumba ya Njuri Ncheke, akaanza kupapasa vitu. Wala mtu wa Embu aliyelelewa vizuri haendi kwenye kichaka cha Mwenendega kule Runyenjes na kuvunja matawi ya kuni. Mlima Kirimiri una heshima yake, na mugumo wa wazee una heshima yake. Heshima hiyo hiyo tuipeleke kwa wenzetu.

Kule Kolo, Tanzania, baadhi ya miamba yenye michoro bado ni mahali pa wenyeji pa kuombea mvua na uponyaji. Kule Mfangano, heshima na woga wa watu kwa mahali pale ndivyo vilivyolinda michoro kwa muda mrefu kabla ya kuwekwa ubao wowote wa onyo. Mgeni anaweza kuwa na imani yake nyingine, na hakuna anayemwomba aiache. Lakini kusimama pale na kusema kwa sauti "haya ni mambo ya kishetani" ni kumtukana mwenye nyumba ukiwa sebuleni kwake. Na kukwaruza mchoro kwa sababu hiyo ni kuharibu mali ya watu.

Ni kuvunja sheria vilevile. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inalinda mahali pa kale palipotangazwa, na Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa.

Tukumbuke pia kwamba michoro ni shamba la mtu. Wenyeji wakiongoza wageni hupata ada, huuza chai, huuza vikapu. Mfangano kuna makumbusho ya jamii ya Abasuba, ambapo wenyeji wenyewe hueleza habari zao. Mgeni anayegusa anakula mbegu ya kikundi kingine. Msimu ujao wataonyesha nini?

KABLA YA SAFARI NA SIKU YENYEWE

Kikundi kisingoje kufika ndipo kikumbushane. Yazungumzeni haya kwenye mkutano, katibu ayaandike:

1. Chagueni watu wawili wa kuangalia nidhamu, mwanamke na mwanamume. Wawe watu wanaoweza kumwambia hata mwenyekiti, "Mzee, mikono tafadhali."

2. Ombeni ruhusa mapema kwa wanaotunza mahali hapo, mwulize ada ni kiasi gani, na mlipe bila kulalamika. Risiti ipelekwe kwa mweka hazina.

3. Mkifika, msimkimbilie mchoro. Msalimieni mwenyeji, msikilize kwanza anachosema kuhusu mahali hapo na miiko yake.

4. Ingieni wachache wachache. Watu 30 wakisongamana, wa nyuma anamsukuma wa mbele, na wa mbele anaweka mkono ukutani asianguke.

5. Simama mbali kiasi cha kunyosha mkono usiufikie mwamba. Mikono ikae nyuma au ishike kofia. Mikoba na vikapu viachwe garini, maana navyo husugua.

6. Usionyeshe kwa fimbo wala mwavuli. Eleza kwa maneno: "yule ng'ombe wa juu kushoto."

7. Uliza kabla ya kupiga picha. Ukikubaliwa, usiegemee, usipande juu ya jiwe, usimwage maji.

8. Usiokote chochote, hata kijiwe au kigae kidogo cha chungu. Usichimbe. Kule Kolo watu wamechimba mashimo wakitafuta mali ati iliyofichwa na Wajerumani. Walichopata ni mashimo.

9. Watoto washikwe mikono na waelezwe sababu. Mtoto aliyeambiwa "usiguse" tu atagusa ukigeuka. Aliyeelezwa habari ya mpini wa jembe atawakataza wenzake.

10. Kama kuna mwenzenu asiyeona vizuri, mwombeni mwongozaji amchagulie jiwe lingine la aina ile ile lisilo na mchoro alishike, huku akielezewa polepole kilichochorwa. Asiachwe nje kama mzigo.

Na kama ni mwenyeji mwenyewe anayegusa ili aonyeshe? Hutokea. Msimwaibishe mbele ya watu. Mwambieni kando, kwa upole, kwamba mmesoma kuwa kugusa kunaharibu.

KAMA JIWE LIKO KIJIJINI KWENU

Inawezekana msomaji fulani ana mwamba wenye alama karibu na shamba lake na hajawahi kuutilia maanani. Alama nyingine si picha. Kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru, kuna mashimo ya mchezo wa bao yaliyochimbwa katika mwamba wenyewe. Mwamba kama huo ukiuvunja kokoto za kujengea choo, umepoteza kitu ambacho pesa za harambee haziwezi kununua.

Ukiona alama za kale, usizisafishe wala kuzipaka rangi. Mwarifu chifu na ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa iliyo karibu; kwa Meru, makumbusho yako mjini. Waulizeni wazee kabla hawajaondoka, muandike wanayosema. Na msikimbilie kuita wageni. Kwanza mkubaliane njia itapita wapi, nani ataongoza, watu wangapi kwa mara moja, na pesa zitawekwa wapi. Kamba iliyofungwa hatua mbili kutoka ukutani na mtu mmoja anayejua kueleza ni mwanzo wa kutosha.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

- Katika ziara yetu ya mwisho, tuligusa au tulichukua nini ambacho hatukuruhusiwa?
- Ni mahali gani pa heshima katika lokesheni yetu? Mgeni akija, tungependa afanye nini, na asifanye nini?
- Nani kati yetu ataweza kumkataza mtu mkubwa bila kumvunjia heshima? Watu wawili waigize mbele ya kikundi: mmoja mwongozaji, mwingine mgeni anayesema, "Nikigusa kidogo tu kutakuwa na nini?"